Kidonda Kimepona, Mbona Maumivu Yangalipo?

Mlezi wa chama chetu alipoiona rasimu ya makala haya aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba nataka kuandika juu ya matiti katika jarida la shule. Nikamjibu, "Ndiyo, Mwalimu." Najua wenzangu wa bwenini, hasa nyinyi wa vitanda vya dirishani, mtacheka. Chekeni mmalize, kisha tusome pamoja, maanake jambo lenyewe limekaa nyumbani kwetu miaka mitatu sasa, na sidhani ni kwetu peke yetu. Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wa Kenya. Ukihesabu madawati ya darasa lako, pengine yupo mmoja ambaye mama, nyanya au shangazi yake anaijua habari hii kuliko mimi.

Mama mkubwa, yaani dada yake mama, ana kibanda cha mboga sokoni Wundanyi, kule Taita. Mwaka 2022 alipatikana na saratani katika titi la kulia. Alikatwa titi hilo katika hospitali moja, akatolewa na tezi za kwapani, kisha akapigwa mionzi. Mwaka uliofuata madaktari wakasema hawaoni tena dalili ya ugonjwa. Basi siku hiyo ilikuwa ni vigelegele! Ibada ya shukrani ilifanywa, pilau likapikwa, na sisi watoto tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Tulidhani yamekwisha.

Kumbe hayakwisha. Likizo ya Aprili mwaka 2024 nilienda kumsaidia sokoni. Usiku wa kwanza niliamka kwenda haja nikamkuta ameketi kitandani saa nane za usiku, amejibana chupa ya maji moto kwapani. Nikamuuliza, "Mama, unaumwa?" Akaniambia, "Wacha tu, mwanangu. Rudi ulale." Baada ya hapo nikaanza kuona mambo niliyokuwa nikiyapita. Kabeji za rafu ya juu alikuwa anamwomba jirani amshushie. Sidiria hakuvaa tena, na blauzi ya kitambaa kigumu ikimgusa ubavuni alikuwa akishtuka kama aliyemwagiwa pilipili. Upande wa ndani wa mkono, kutoka kwapani karibu kufika kwenye kiwiko, alisema ni ganzi tupu, lakini papo hapo unachoma. Mimi nikastaajabu: kitu kitakufaje ganzi na kuuma kwa wakati mmoja?

Wakubwa sokoni walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema ugonjwa umerudi. Mwingine akanong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Mama mkubwa mwenyewe hakurudi hospitali kwa sababu alikuwa anaogopa kuambiwa lile neno la kwanza, na pia kwa sababu aliona haya. Aliniambia, "Nimepewa uhai, halafu nikalalamike juu ya kwapa?" Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilinyamaza.

Kisha mwezi wa pili mwaka 2025 mama yangu mzazi akagusa uvimbe mdogo kama punje ya njugu katika titi lake la kushoto. Alipimwa, ikawa ni saratani, lakini ya mapema. Nyumbani sote tulidhani ataogopa kufa. Yeye alisema hivi, na maneno haya hayajanitoka kichwani: "Kukatwa siogopi. Naogopa ule mkono wa dada." Hapo ndipo nilipoamua kutafuta kujua kama ule mkono ni lazima. Nilimsumbua mwalimu wetu wa Biolojia, nikamsumbua mtaalamu wa viungo aliyempokea Mama mkubwa baadaye, na siku ya miadi nikamsumbua hata daktari wa nusukaputi, ambaye alinivumilia sana. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, Mama mkubwa hakuwa na kisa cha ajabu. Nchini Denmark watafiti waliwaandikia wanawake waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti mwaka 2005 na 2006, wakawauliza wanavyojisikia miaka miwili mitatu baadaye. Wanawake 3,253 walijibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: asilimia 47 walikuwa bado na maumivu. Karibu nusu! Wengi wao maumivu yao yalikuwa madogo au ya wastani, ila katika kila mia moja waliokuwa wakiumwa, kama 13 walisema ni makali. Na hiyo ni Denmark, nchi ambayo haipungukiwi na hospitali. Siku hizi madaktari wana jina la hali hii na kipimo chake pia: maumivu yaliyotokana na upasuaji yakipita miezi mitatu, na sababu nyingine ikakosekana, hayo si kidonda kinachopona tena. Ni ugonjwa unaostahili kutibiwa kivyake.

Sasa hayo maumivu yanatoka wapi, na kidonda kimefunga? Msomaji, inua mkono wako wa kushoto kidogo, uguse kwapani kwa mkono wa kulia. Chini ya ngozi hapo kuna mafuta, na ndani ya mafuta hayo kuna tezi ndogondogo za limfu ambazo saratani ya titi hupenda kuzikimbilia kwanza. Katikati ya tezi hizo unapita mshipa mwembamba wa fahamu, yaani neva, unaotoka baina ya mbavu, ya pili na ya tatu, ukakatisha kwapa na kwenda kuhudumia ngozi ya ndani ya mkono. Daktari anapozitoa tezi zote anakutana na mshipa huo njiani. Pengine ataukata, pengine ataunyoosha kupita kiasi, pengine kovu litaubana baadaye. Ukikatika, ngozi inakosa habari, ndiyo ile ganzi. Lakini ncha iliyojeruhiwa nayo hainyamazi. Inatuma ishara za uongo kwenda ubongoni, na ubongo hauna njia ya kujua kwamba ni uongo. Unasema kwapa linaungua. Nilipoelezwa hivyo swali langu la ganzi na moto lilijibika hapo hapo.

Lakini mshipa peke yake hautoshi kueleza kila kitu, maana wapo wanaokatwa mshipa huo wasiumwe kamwe. Daktari wa nusukaputi alinipa mfano ambao nitauazima. Fikiria bawabu wa shule. Usiku mmoja wezi wamevamia, wamempiga, amepiga filimbi mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo paka akipita uani, bawabu anapiga filimbi. Uti wa mgongo ndiye bawabu huyo. Ukipokea ishara nyingi za maumivu kwa muda mrefu bila kutulizwa, unakuwa mwepesi kupita kiasi, hata mguso wa kitambaa unapitishwa kama kisu. Mwanasayansi Clifford Woolf alionyesha jambo la namna hii kwa wanyama mwaka 1983, na tangu hapo madaktari wengi waliacha kuyahesabu maumivu ya siku za mwanzo kuwa ni ya kuvumiliwa tu. Mgonjwa aliyeumwa sana wiki ya kwanza ana hatari zaidi ya kuumwa mwaka wa pili.

Hapa nataka kusema jambo na walimu wangu mnisamehe. Sisi tunafundishwa kumsifu anayevumilia. Mama mkubwa alipotoka hospitalini alipewa dawa za kutuliza, akazificha nusu kwenye kabati "za siku mbaya". Siku zote zilikuwa mbaya! Alikuwa akisubiri mpaka jasho limtoke ndipo ameze kidonge kimoja. Kumbe dawa hizo, kwa mfano parasetamoli, zinafanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kwa saa zilizopangwa na daktari, maumivu yasipate kupanda, kuliko kuyakimbiza yakishapanda. Hakuna aliyemweleza, naye hakuuliza.

Turudi chumba cha upasuaji, kwa sababu huko ndiko mengi ya kuzuia yaliko. Zamani ilikuwa balaa. Daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, ambaye alianza upasuaji wake mwaka 1882, alikuwa anatoa titi, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi zote za kwapa kwa pamoja, na dunia ikamfuata kwa miaka karibu mia. Wanawake walipona wakabaki na kifua kama ubao na mkono usioinuka. Ni katika miaka ya 1980 utafiti wa Umberto Veronesi kule Milan, na wa Bernard Fisher kule Marekani, ulipothibitisha kwamba kwa saratani ndogo, kutoa uvimbe tu na kuongeza mionzi hakupunguzi maisha ya mgonjwa. Halafu miaka ya 1990 ikaja njia ya kupunguza kazi kwapani. Daktari anachoma sindano ya rangi ya buluu, au dawa yenye mionzi kidogo, katika titi. Rangi inatembea mpaka kwenye tezi ya kwanza au mbili za kwanza. Hizo tu ndizo zinatolewa na kupimwa. Zikiwa safi, zilizobaki zinaachwa, na ule mshipa wetu mara nyingi unapona. Wale Wadani niliowataja waliona tofauti hiyo waziwazi: waliotolewa tezi zote walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuumwa kuliko waliopimwa tezi za mwanzo tu. Mionzi nayo iliongeza hatari, lakini dawa za kemo hazikuonekana kuiongeza. Aidha wanawake wa chini ya miaka 40 waliumia zaidi, jambo ambalo mimi sikulitarajia kabisa. Nilidhani vijana hupona upesi.

Njia ya rangi haipatikani katika kila hospitali ya kwetu, na si kila mgonjwa anafaa. Saratani ikishaonekana kwapani, mara nyingi tezi lazima zitoke, na mtu asikatae eti anaokoa mshipa. Uhai mbele. Hata hivyo daktari akiombwa anaweza kujaribu kuuepuka mshipa wenyewe pale inapowezekana. Ganzi hupungua, juu ya maumivu faida yake si ya hakika vile.

Kuna tena habari ya sindano ya ganzi. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi kama kawaida, lakini kabla ya kukatwa anachomwa dawa ya ganzi kando ya uti wa mgongo, au baina ya misuli ya kifua, ili ishara za kisu zisimfikie yule bawabu wetu. Akili yangu ilipokea jambo hili mara moja, nikatangaza nyumbani kwamba nimepata dawa. Haraka haraka haina baraka. Mwaka 2018 mapitio makubwa ya tafiti yalikadiria kwamba kwa kila wanawake kama saba wanaopewa ganzi ya namna hiyo, mmoja anaepushwa na maumivu ya muda mrefu. Mwaka uliofuata, utafiti mkubwa zaidi ukatolewa, wa wanawake 2,108 katika nchi nane. Ulikuwa umekusudiwa kujua kama ganzi ya kando ya uti inazuia saratani isirudi (haikuzuia), lakini waliuliza pia juu ya maumivu. Baada ya miezi sita, asilimia 52 ya waliopewa ganzi walikuwa wakiumwa pale walipokatwa, na asilimia 52 ya wasiopewa pia! Baada ya mwaka, 28 kwa 27. Nilimpelekea daktari wa nusukaputi takwimu hizo nikiwa nimenuna. Akacheka, akaniambia kwamba hata yeye hajui nani atashinda mjadala huo, ila ganzi hiyo inapunguza maumivu ya siku ya kwanza na kichefuchefu cha dawa kali, na kwake hiyo ni sababu tosha. Nilimheshimu kwa jibu hilo kuliko kama angeniahidi mbingu. Vidonge vya gabapentini navyo vilipigiwa sana debe kuwa vitazuia vikimezwa kabla ya upasuaji, lakini tafiti zilipokusanywa faida iliyoonekana ilikuwa ndogo mno.

Sasa nifike penye uzito wenyewe, na hapa hapahitaji mashine. Mama mkubwa alipotoka hospitalini majirani walimshauri auwache mkono upumzike. Wakamfungia kwa leso shingoni, na kila alipotaka kuusogeza walimkaripia: "We dada, kidonda kitapasuka!" Walikuwa na mapenzi tele. Alikaa hivyo miezi miwili. Bega likakauka, kovu likashikamana na misuli, na kila alipojaribu kuinua mkono aliumia, kwa hiyo akaacha kujaribu, kwa hiyo likazidi kukauka. Kule Uingereza wanawake 392 waliokuwa na hatari ya kupata shida ya bega walifuatwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Nusu walipewa vijitabu vya maelezo tu kama kawaida. Nusu nyingine walipewa vijitabu na mtaalamu wa viungo wa kuwafundisha mazoezi kuanzia siku ya 7 hadi ya 10 baada ya upasuaji. Kwanza ya kunyoosha, na baada ya mwezi hivi ya kutia nguvu. Mwaka ulipokwisha, hawa wa mazoezi walikuwa na mikono yenye uwezo zaidi na maumivu machache zaidi, na mazoezi hayakuwaletea madhara zaidi ya wenzao. Mazoezi yenyewe ni nini? Kuchana nywele kwa mkono wa upande uliokatwa. Kuzungusha bega. Kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kama kaa mpaka pale panapovuta, kisha kushusha. Siku chache za mwanzo mkono usipite usawa wa bega, na mrija wa kutoa maji ukiwa bado umo mgonjwa afuate hasa alivyoagizwa.

Yako mambo mengine yaliyojitokeza katika tafiti: aliyekuwa na maumivu kabla ya upasuaji, aliyekosa usingizi, aliyejaa hofu, wote hao hatari yao huwa juu. Hii haina maana kwamba maumivu ni ya kufikirika tu, kama alivyowahi kusema mjomba wangu mmoja ambaye simtaji. Hofu inamfanya bawabu akeshe. Ndiyo maana mgonjwa anafaa kuelezwa mapema nini kitamfika, hata ile ganzi, ili siku ikimfika asidhani saratani imerudi. Na maumivu mapya, au yanayozidi, yapelekwe hospitali yachunguzwe. Mtu asijipe mwenyewe jibu la kutisha wala la kujituliza.

Mama mkubwa tulimpeleka hatimaye. Alichunguzwa, saratani haikuwapo. Alilia pale pale kwenye benchi. Miaka karibu miwili alikuwa akikesha na hofu ambayo kipimo kimoja kingeiondoa. Alipewa amitriptilini kidogo ya kumeza usiku, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye huzuni kali lakini inayotuliza pia mishipa ya fahamu, akafundishwa kulikanda kovu na kulifungua bega polepole. Hajapona kabisa. Anasema kwamba kutoka kumi maumivu yameshuka hadi manne, na analala. Kabeji za rafu ya juu bado anashushiwa.

Mama yangu alipasuliwa Mombasa mwezi wa nane mwaka 2025. Alikuwa ameandika maswali yake katika daftari langu la zamani la Jiografia: Tezi mtatoa ngapi? Mna ile rangi? Nitachomwa ganzi ya kifua? Nani atanifundisha mazoezi, na lini? Daktari alisoma ukurasa mzima, akavua miwani, akamjibu moja moja. Rangi ilikuwapo. Walitoa tezi mbili, zikawa safi. Jambo moja tu walisahau kumwambia, kwamba mkojo hubadilika rangi kwa siku moja hivi, na alipoona kijani-buluu chooni alipiga ukelele mpaka muuguzi akaja mbio.

Siku ya nane alisimama mbele ya ukuta wa sebuleni. Mimi nilikuwa na chaki, niliyoichukua darasani (Mwalimu, nitairudisha). Alipandisha vidole, akafika usawa wa bega, akasema "Basi." Nikaweka alama na tarehe. Nilipokuja tena nyumbani nilikuta alama zimekuwa kumi na saba, moja juu ya nyingine, na zile za karibuni hazikuwa na mwandiko wangu. Kwapani bado ana ganzi ya ukubwa wa kiganja, na asubuhi za baridi anasikia kama kudungwa. Ya juu kabisa imepita swichi ya taa. Pembeni yake kuna alama nyingine mbili, za chini zaidi, kwa kalamu ya makaa. Nilipouliza ni za nani, Mama alisema dada yake alikuja Jumapili, akaona, akaomba naye apimwe.